Nyuzi za John Barry nazo zitajwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimzungumzie mtu ambaye gazeti lako limempita bila kumsalimia.

Jumapili iliyopita safu yenu ya burudani ilikuwa na makala nzuri kuhusu filamu kubwa za nje zilizopigwa Afrika Mashariki. Mwandishi wenu aliichambua vizuri Out of Africa ya mwaka 1985. Alimtaja Meryl Streep, akamtaja Robert Redford, akamsifu Sydney Pollack aliyeiongoza na David Watkin aliyeshika kamera, akaeleza hata jinsi Nairobi ya zamani ilivyojengwa upya ili ipigwe picha. Hesabu ya tuzo saba za Oscar aliitaja sawasawa. Lakini moja katika hizo saba ilikuwa ya muziki, na mwenyewe, Mwingereza John Barry, hakutajwa hata kwa jina.

Mimi ni mpiga fidla. Napiga taarabu hapa Unguja, na jioni nafundisha watoto. Kazi ya Barry naisikiliza kwa masikio ya mtu anayejua upinde unavyouchosha mkono, na nasema kwa moyo mmoja kwamba katika watunzi wa filamu waliowahi kuziandikia fidla, sijamsikia aliyezielewa kuliko yeye. Ndiyo maana sikuweza kuifunga ile kurasa nikanyamaza.

Wasomaji wakumbuke kwamba huyu bwana aliitungia Kenya mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Born Free ya mwaka 1966, kisa cha Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy Adamson na mumewe George, kisha akarudishwa porini Meru, na kaburi lake liko huko mpaka leo. Kwa filamu hiyo Barry alipata Oscar mbili kwa mpigo, moja ya muziki na moja ya wimbo alioutunga pamoja na mwandishi wa mashairi Don Black. Katika sahani ya santuri ya filamu hiyo kuna kipande kilichopewa jina la Kiunga, Kiunga yetu hii ya pwani ya kaskazini, jirani ya Lamu. Miaka 19 baadaye ndipo alipokuja na Out of Africa. Kwa jumla alipata Oscar tano maishani mwake, na tatu kati ya hizo ni za hadithi zilizotokea katika ardhi ya Kenya. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mgeni katika gazeti la Kiswahili.

Sasa nieleze hasa nini alichokifanya, maana kusema tu "muziki mzuri" hakumsaidii mtu.

Chukua mwanzo wa filamu. Sauti ya mwanamke aliyekwisha kuzeeka, ndiye Karen Blixen anayeigizwa na Streep, inakumbuka shamba alilokuwa nalo Afrika, chini ya vilima vya Ngong. Halafu linakuja treni, linakata mbuga, dogo mno mbele ya nchi ile pana. Hapo ndipo fidla zinapoingia na lahani kuu. Ni lahani ya polepole, yenye noti ndefu, chache, zinazopanda kisha zikashuka bila haraka. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili anaweza kuzisoma noti hizo karatasini bila kukwama. Kuzipiga zikasimama ni jambo jingine.

Okestra kubwa ya Kizungu huwa na fidla zipatazo 30, zikagawiwa fidla za kwanza na fidla za pili, halafu viola, halafu chelo, halafu besi kubwa za kusimama. Watunzi wengi wakipewa utajiri huo huutawanya. Hawa wanakimbia huku, wale wanatetemesha pinde kule, wengine wanadonoa. Barry huzikusanya. Zile fidla zake huzipa lahani moja, mara nyingi kundi moja juu na jingine oktavu moja chini yake, yaani lahani ileile kwa sauti nzito zaidi, kisha akaziacha ziimbe kama koo moja. Chini yake chelo na besi zinabadilisha sauti taratibu, na mara kwa mara utasikia noti ileile ya juu imeshikiliwa, haikusogea, lakini sauti za chini zimehama na noti ile imegeuka maana. Ilikuwa furaha, sasa ni huzuni. Hajaandika noti mpya. Ameigeuza ardhi iliyosimamia.

Mpiga taarabu akisikia hivyo hashangai, anatabasamu. Na sisi fidla zetu hupiga lahani moja, zikiandamana na udi, kanuni, nai na akodiani, zikimjibu mwimbaji anapomaliza ubeti. Hatugawani sauti nne kama kwaya. Nguvu yetu iko katika kwenda pamoja. Najua Barry hakuichota kwetu, na sitaki kumpachika asiloliomba. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia taarabu anayo njia fupi ya kumfikia, fupi kuliko ile ya mtu aliyefundishwa kwamba muziki wa okestra ni lazima uwe na mambo mengi kwa wakati mmoja.

Na kuna siri katika huo wingi wa fidla zinazopiga kitu kimoja. Watu 30 hawawezi kuweka vidole mahali pamoja kwa usawa wa unywele, wala kutikisa vidole kwa mwendo mmoja, wala kuukandamiza upinde kwa uzito mmoja. Tofauti hizo ni ndogo mno, sikio haliziiti makosa, lakini ndizo zinazoipa sauti unene na joto. Fidla moja ikipiga lahani ya Barry utasikia mtu. Fidla 30 zikiipiga utasikia nchi.

Nirudi kwenye upinde, kwa sababu hapa ndipo wasiopiga ala hii hawaoni kazi ilipo. Upinde wa fidla una urefu wa sentimita 75 hivi, na sehemu yenye nywele ni fupi kuliko hapo. Huo ndio mtaji wako wote. Mwimbaji ana mapafu, wewe una sentimita hizo. Noti ya Barry ni ndefu na inataka kukua inavyokwenda, lakini upinde kwa tabia yake una nguvu kwenye shina, pale unapoushika, na ni dhaifu kwenye ncha. Ukianza kwenye shina ukavuta kwa pupa, utafika nchani noti ingali katikati, mkono umenyooka wote, na pale hasa mtunzi anapotaka sauti inenepe wewe umebaki na pumzi ya mgonjwa. Lazima uanze kwa ubahili, uvute kidogo kidogo, uongeze uzito wa kidole cha shahada kadiri unavyokaribia ncha, ili msikilizaji asijue kwamba nguvu zinakuishia.

Nina mwanafunzi mmoja, binti wa miaka 14, mkono wake mwepesi na masikio yake makali. Nilimpa lahani ya Out of Africa niliyomwandikia kwa kuisikiliza. Akatazama karatasi akasema, "Mwalimu, hii rahisi." Akaanza. Noti ya kwanza ikaenda vizuri, ya pili nzuri zaidi, ya tatu upinde ukamwishia, sauti ikakatika kwa mlio mwembamba kama wa mlango. Akacheka, akarudia, ukamwishia tena palepale. Tukakaa na noti ile moja mpaka adhana ya magharibi. Siku hiyo hakujifunza noti mpya hata moja, lakini aliondoka anajua kwamba polepole ni kazi ngumu kuliko mbio.

Katika okestra wana dawa ya tatizo hilo. Wapigaji huambiwa wasibadilishe upinde kwa pamoja. Wewe ukifika nchani ukageuza, jirani yako yuko katikati ya upinde wake, na wa nyuma yake ndiyo kwanza anaanza. Hivyo noti haina mshono. Ni kama msusi wa ukili anavyotia chane mpya kabla ile ya zamani haijaisha, akaifunika kwa vidole, na mkeka ukikamilika hutauona mwungo. Barry aliandika akilijua hilo. Sentensi zake ndefu haziwezi kupigwa na mtu mmoja bila kuchanika, zimeandikwa kwa ajili ya jamaa nzima, na jamaa hiyo isipoaminiana hazipigiki.

Juu ya nyuzi hizo, au tuseme ndani yake, anapitisha baragumu za Kifaransa, zile za shaba zilizojiviringa. Hazipigi kelele. Fidla zikishikilia noti ndefu, baragumu zinajibu kwa sauti ya kifuani, zinapita chini ya lahani, kisha zinanyamaza. Mazungumzo ya wawili hawa, fidla na baragumu, ndiyo alama ya Barry. Ukiyasikia dakika moja tu, hata kama jina lake halijapita katika kioo, unajua ni nani.

Kipande ninachokirudia zaidi ni kile cha ndege. Denys, mpenzi wa Karen anayeigizwa na Redford, anakuja na ndege ndogo ya njano, ya mabawa mawili juu na chini, viti viwili vya wazi. Karen anakaa mbele, yeye nyuma. Wanapaa juu ya bonde, juu ya maporomoko, juu ya ziwa lililojaa ndege wa waridi wanaoinuka kwa pamoja. Hapana mazungumzo ya maana pale, wala upepo na mtambo visingeruhusu. Kisha Karen, bila kugeuza shingo, ananyoosha mkono nyuma, na Denys anaushika. Filamu nzima imewafikisha hapo, na aliyeachiwa kazi ya kusema ni fidla. Nimewasikia watu wakisema kwamba ni mandhari ndiyo inayowatoa machozi. Nawaomba wakitazame kipande hicho huku wamezima sauti. Wataona picha nzuri sana za ndege na maji. Halafu wairudishe sauti.

Msomaji wa Kenya anaijua Voi. Denys Finch Hatton wa kweli alianguka na ndege yake pale Mei 1931, akazikwa Ngong, na mwaka huohuo Karen Blixen akaiacha Kenya asirudi tena. Barry alipoandika muziki wa kuruka, alijua ndege ile inaishia wapi. Ndiyo maana hata katika furaha ile ya angani kuna kitu kinachovuta chini. Sikiliza besi.

Sifa nyingine yake ni kunyamaza. Filamu ile ina dakika 161. Muziki wa Barry ndani yake ni sehemu ndogo tu ya muda huo. Watu wanazungumza, wanakula, wanagombana, wanatembea katika shamba la kahawa, na okestra imekaa kimya. Akiingia, anaingia kwa sababu. Na alikuwa na jirani mzito, kwani ndani ya hadithi kuna gramafoni, na katika gramafoni kuna Mozart. Fikiria unatunga muziki utakaosikika baada ya utunzi wake mashuhuri wa klarineti na okestra! Wengine wangelijaribu kushindana naye kwa ufundi, noti kwa noti. Barry alimwachia Mozart wepesi wake, yeye akachukua upana. Mozart anasikika ndani ya nyumba na penye hema, Barry anasikika nje, juu ya ardhi. Wote wawili wakapata nafasi.

Najua wapo watakaouliza: kwa nini tumsifu Mzungu aliyeitungia Afrika muziki wa Kizungu? Swali hilo ni la haki na silikwepi. Out of Africa inamwangalia Mwafrika kutoka barazani kwa bwana shamba. Farah, Msomali anayeisimamia nyumba ya Karen, anayeigizwa vizuri na Malick Bowens kutoka Mali, na Kamante, kijana mpishi wake, na wazee wa Kikuyu ambao ardhi ile ilikuwa yao, wote wanasimama pembeni ya hadithi ya mtu mwingine. Hilo ni kosa la hadithi, na lisemwe. Lakini kuhusu muziki nina maoni tofauti. Pollack mwenyewe kwanza alifikiria kutumia muziki wa asili wa Kiafrika. Barry ndiye aliyemshauri kwamba filamu hii inaangalia nchi kwa macho ya watu wawili waliopendana, kwa hiyo muziki uwe wa macho hayo. Mimi naliona hilo kuwa jambo la uadilifu. Angeliweza kuchukua ngoma mbili tatu, marimba kidogo, akazimimina juu ya okestra ili kila mtu ajue tuko Afrika. Ndivyo wengi wanavyofanya mpaka leo, na ngoma zenyewe hazina kabila wala shughuli, hujui ni za harusi au za msiba. Hata yeye katika Born Free alikuwa bado anazichanganya ala za kugonga humu na humu. Alipofika 1985 aliacha. Hakujifanya anasema kwa niaba ya Mkikuyu wala Msomali. Alisema ya mgeni anayeipenda nchi isiyo yake na ambayo lazima ataiacha, na kwa kusema hilo tu, kwa ukweli, amesema jambo linalomgusa yeyote aliyewahi kuhama kwao.

Alizaliwa York, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1933. Baba yake alikuwa na majumba ya sinema, mama yake alipiga piano. Mtoto alikulia penye giza la sinema, akitazama watu wanavyokaa na wanavyoinuka. Alisoma muziki kwa Francis Jackson, mpiga kinanda cha kanisa kuu la York, na alipokuwa jeshini, Misri na Saiprasi, alipiga katika bendi. Akajifunza kupanga muziki kwa njia ya posta kutoka kwa Mmarekani Bill Russo. Ala yake ilikuwa tarumbeta.

Hapo napenda kutua kidogo, maana mimi naona tarumbeta ndiyo ufunguo wake. Mpiga fidla akitunga, mara nyingi hutunga kwa vidole: anapenda kukimbia, kuruka kutoka uzi hadi uzi, kuonyesha. Mpiga tarumbeta hutunga kwa pumzi. Lazima sentensi yake iwe na mahali pa kuvuta hewa. Ukizipima lahani za Barry utaona zinakaa katika vipande sawasawa, kila kipande kina mwanzo, kina kilele, kina kushuka, kisha kuna nafasi, kisha anarudia. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, wanasema anajirudia, kila filamu ya uzeeni mwake ina mwendo uleule. Kweli anarudia. Lakini mwimbaji wa taarabu naye hurudia ubeti, na ubeti wa pili hauingii sikioni kama wa kwanza, maana sasa unaungoja. Barry aliziandikia nyuzi kana kwamba zina mapafu, na nadhani mpiga fidla wa kuzaliwa asingeliweza kuandika hivyo.

Wala hakuanza na upole huo. Mwaka 1959 alipanga wimbo wa kijana Adam Faith, na nyuzi pale zinadonolewa kwa vidole, fupi, za utani, zikawa mtindo wa mjini. Mwaka 1967, katika filamu ya James Bond iitwayo You Only Live Twice, aliandika mwanzo wa wimbo ambao fidla zinashuka kutoka juu kabisa, mahali ambapo kidole gumba hakina tena pa kushika, zinateremka ngazi kwa ngazi kabla Nancy Sinatra hajafungua mdomo. Watu wengi wanakikumbuka kile kiteremko kuliko maneno ya wimbo. Na anayetaka kujua nyuzi zinaweza kufanya kinyume chake asikilize kazi ya Bernard Herrmann katika Psycho ya mwaka 1960, ambayo ni nyuzi tupu, hakuna ala nyingine, na fidla zimegeuzwa visu. Namheshimu Herrmann sana. Lakini kumtisha mtu kwa fidla ni kazi ya dakika moja, kumkalisha kimya dakika tano kwa noti chache ni kazi ya umri.

Mwaka 1988 Barry aliugua vibaya baada ya kunywa kinywaji kilichomdhuru, umio ukapasuka, akawa karibu kufa. Aliporudi kazini alitunga Dances with Wolves ya 1990, ikampa Oscar ya tano. Alifariki Januari 30, 2011.

Ndugu Mhariri, kwa nini mpiga fidla wa Unguja ayajali haya? Kwa sababu nyuzi za filamu zilitufikia zamani na zikatubadilisha. Nadi Ikhwan Safaa, kundi letu la taarabu, ilianzishwa hapa mwaka 1905, lakini sura ya kundi kubwa la taarabu, lenye safu ya fidla, chelo na besi, tuliiona kwa Wamisri, na tuliiona kwa sehemu kubwa katika sinema: Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab wakiimba mbele ya firka yao, yaani kundi la wapiga ala. Ami yangu aliyenifundisha alikuwa anakwenda sinema ya Empire kutazama picha za Kimisri, anarudi nyumbani anaimba kibwagizo cha fidla njiani ili kisimponyoke, kisha anakitafuta katika nyuzi mpaka usiku. Hakuwa na noti wala kanda. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba muziki wa filamu ni pambo la pembeni. Kizazi kizima cha wapigaji wetu kilisoma shule hiyo.

Leo filamu nyingi zinatengenezwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na waigizaji wetu wamepiga hatua. Lakini sikiliza muziki wake. Mwanzo hadi mwisho kuna fidla za kinanda cha umeme, sauti moja iliyonakiliwa, haina upinde unaoisha, haina jirani anayegeuza nyuma yako. Inalia mama akilia, inalia mtoto akianguka, inalia hata mtu anapofungua geti. Sijui tunamwogopa nani tukikaa kimya dakika tatu. Najua fedha ni ndogo, na okestra ya watu 80 hatuna. Barry mwenyewe lakini ametuonyesha kwamba mzigo unabebwa na lahani moja nzuri, nyuzi zinazokwenda pamoja, na muda wa kunyamaza. Fidla sita, chelo mbili na besi moja ndani ya chumba chenye mwangwi mzuri zinatosha kabisa kwa tukio moja kubwa la filamu, lile moja tu linalostahili.

Ninayo maombi mawili, na kwenu ni mepesi. La kwanza: safu yenu ikiandika juu ya filamu yoyote, ya nje au ya kwetu, jina la mtunzi wa muziki litajwe pamoja na la mwongozaji. La pili ni kwa vijana wa filamu wanaosoma ukurasa huu. Zanzibar ina wapiga fidla wanaosoma noti na wanaopiga kwa sikio, wazee na watoto, na wengi wetu tuna nafasi siku za katikati ya wiki. Njooni na filamu zenu kabla hamjazimiminia kinanda cha umeme. Tukae, tuitazame picha, tukubaliane mahali pa kupiga na mahali pa kuacha.

Wako katika muziki,

Mpiga fidla,
Kikwajuni, Unguja.